Mgeni Arudipo Shuleni: Somo juu ya Ahadi Tuwapayo Watoto

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa dogo. Mtu hutoka katika nchi yake, huenda nchi ya mbali kwa kujitolea, pasipo mshahara, hukaa na watoto wa shule miezi michache au mwaka mmoja. Huwafundisha kusoma na hesabu, hucheza nao mpira, hujifunza majina yao. Siku ya kuondoka watoto humsindikiza mpaka njiani, naye kwa moyo wenye huzuni huwaambia, “Nitarudi.” Kisha hupanda gari, naye huenda zake kwao, na miaka hupita. Je, neno lile alilolisema njiani ni neno la namna gani? Ni salamu tu, au ni deni?

Wazee walisema kwamba ahadi ni deni. Mtu mzima akiambiwa neno kama lile ajua kulipunguza. Ajua ya kuwa nauli ni ghali, ya kuwa mtu hupata kazi, huoa, hulemewa na mambo ya nyumbani. Mtoto hajui kupunguza, mtoto huhesabu. Huhesabu mvua na mavuno, na kila gari geni liingialo uwanjani hulikimbilia atazame ni nani ashukaye. Na kama wageni watano wamekwisha kumwambia neno lile lile, wala hata mmoja hakurudi, mtoto huyo amekwisha kufundishwa somo ambalo halikuandikwa ubaoni, yaani kwamba maneno ya watu wazima hayana uzito.

Kwa hiyo twasema tangu mwanzo: kwenda mara ya kwanza ni jambo jema, lakini kurudi ndiko kunakopima kazi. Ili tusiseme maneno matupu, tutatwaa mifano miwili ya kweli. Yote miwili yatoka nchi ya Nepal, iliyo kati ya Uhindi na Tibet, penye milima mirefu ya Himalaya.

I. Shule ya Khumjung

Tarehe 29 Mei 1953 watu wawili walifika kileleni pa mlima Everest, mlima upitao milima yote ya dunia kwa urefu. Mmoja alikuwa Edmund Hillary, mfuga nyuki wa New Zealand, na wa pili alikuwa Tenzing Norgay, mtu wa kabila la Washerpa. Habari hiyo yajulikana kote. Isiyojulikana sana ni kazi iliyofuata, nayo ilidumu muda mrefu kuliko kupanda mlima.

Washerpa hukaa katika mabonde yaliyo chini ya mlima ule. Hulima viazi, hufuga yak, yaani ng'ombe wenye manyoya marefu, na wengi wao wamewachukulia mizigo wapanda milima. Hillary alirudi kwao mwaka 1960 kwa kazi ya uchunguzi, akawauliza rafiki zake Washerpa kama liko jambo awezalo kuwafanyia. Wao waliomba shule kwa ajili ya watoto wao.

Tuangalie neno hili, maana ndilo mlango wa somo letu. Mgeni aliuliza, wenyeji wakajibu. Hakuja na shauri lililokwisha kukatwa katika nchi yake na kufungwa mzigoni pamoja na kamba na mahema. Aliyewahi kuwasikiliza watu hivi ana sababu ya kurudi, maana hurudi kutazama kama neno lao limetimizwa. Lakini aliyeleta shauri lake mwenyewe, akirudi, hurudi kulitazama shauri lake tu.

Mwaka 1961 shule ilifunguliwa katika kijiji cha Khumjung, kilicho juu ya bahari kwa mita karibu 3,800. Ilikuwa nyumba ndogo ya alumini. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Msherpa aliyetoka Darjeeling katika Uhindi, hata watoto wakafundishwa na mtu aijuaye lugha ya mama zao. Hapo Hillary angaliweza kupiga picha, kuagana na watu, na kwenda zake, wala hapana mtu ambaye angalimlaumu.

Lakini alirudi. Vijiji vingine navyo vilikuwa vimeomba, na mwaka 1963 zikajengwa shule za Pangboche na Thami, na maji yakaletwa Khumjung kwa bomba. Mwaka 1964 kilitengenezwa kiwanja cha ndege huko Lukla, ili vifaa vya kujengea visichukuliwe mabegani mwa watu kwa siku nyingi. Udongo wa kiwanja ulipoonekana kuwa laini mno, Washerpa walishikana mikono wakacheza ngoma yao juu yake, wakaukanyaga mpaka ukashindiliwa. Mwaka 1966 ikajengwa hospitali huko Khunde, kijiji jirani, na matabibu wa kujitolea kutoka ng'ambo wakaja kukaa humo, si kwa majuma, bali kwa miaka.

Hapa ndipo faida ya kurudi ilipoonekana wazi. Mtu apitaye siku tatu huona uzuri wa milima. Arudiye ndiye aanzaye kuwaona watoto mmoja mmoja. Katika mabonde yale watu wengi walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingoni, na watoto wengine walizaliwa viziwi na wenye akili nzito. Sababu yake ilikuwa chakula chao na chumvi yao kukosa madini joto. Mwalimu aweza kufundisha mpaka sauti ikamkauka, lakini mtoto aliyekosa madini joto tangu tumboni mwa mamaye hawezi kufuata, wala kumpiga fimbo hakumsaidii. Matabibu waliwapiga watu sindano za mafuta yenye madini joto, na watoto waliozaliwa baadaye wakaepushwa na udhaifu ule. Basi dawa moja ya hospitali ikawa msaada mkubwa kwa darasa. Waliozunguka kati ya nyumba za watu mwaka baada ya mwaka ndio waliokuja kujua kwamba shule peke yake haitoshi.

Tarehe 31 Machi 1975 msiba mkubwa ulimpata Hillary. Mkewe Louise na binti yao mdogo Belinda walipanda ndege ndogo huko Kathmandu, wakamfuate Phaphlu alikokuwa akijenga hospitali nyingine. Ndege ikaanguka mara tu ilipoondoka, nao wakafa wote wawili. Mtu angaliweza kusema, “Nchi hii imenichukulia watu wangu, sitaikanyaga tena.” Hillary alihuzunika miaka mingi, lakini kazi hakuiacha, na njia ile ya kwenda kwa watoto wa Washerpa aliipita tena na tena.

II. Arudiye huona na madhara

Tusidhani kwamba arudiye huona matunda mema tu. Kiwanja cha Lukla kilichotengenezwa kwa ajili ya shule na hospitali kilifungua njia kwa wasafiri wengi wa kutazama milima. Wasafiri walileta fedha. Lakini walihitaji kuni za kupikia na za kuota moto, na misitu ikakatwa hata milima mingine ikabaki mitupu. Hillary aliyaona haya kwa macho yake katika kurudi kwake, akayasema waziwazi, hakuyaficha. Akawa miongoni mwa waliotaka nchi ile ihifadhiwe, na mwaka 1976 ikatengwa Hifadhi ya Sagarmatha, ambalo ndilo jina la Everest katika lugha ya Kinepali. Serikali ya New Zealand ilisaidia katika kuianzisha, na miche ikapandwa.

Na ni nani aliyekuja kuwa msimamizi wa kwanza wa Kisherpa katika hifadhi ile? Alikuwa Mingma Norbu Sherpa, mmoja wa watoto wa kwanza walioingia katika ile nyumba ndogo ya alumini ya Khumjung. Alisoma, akafundishwa kazi ya hifadhi huko New Zealand, akarudi kutunza misitu ya baba zake. Alikufa mwezi wa Septemba 2006 katika ajali ya helikopta huko mashariki ya Nepal, angali katika kazi hiyo ya kuhifadhi. Mwenzake wa darasani, Ang Rita Sherpa, alipata kuwa mkuu wa kazi za Himalayan Trust huko Nepal, yaani chama kile kile kilichojenga shule yake. Na Kami Temba Sherpa, aliyesoma Khumjung, alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Khunde kama mganga msaidizi, kisha akaenda visiwa vya Fiji kusoma udaktari, akarudi kuwa daktari mkuu wa hospitali ile ile waliyoianza wageni.

Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Mgeni aliyekuja kusaidia amekuwa mgeni wa wanafunzi. Wao ndio wamkaribishao, wao ndio wamwambiao lipi lifanywe na lipi liachwe. Hicho ndicho kipimo cha kazi njema. Ukirudi baada ya miaka mingi ukakuta bado wewe ndiwe uulizwaye kila neno, na ya kwamba pasipo wewe mlango haufunguliwi, jua ya kuwa hukujenga shule, umejenga kiti chako.

Uzeeni mwili wa Hillary haukuweza tena kuvumilia hewa nyembamba ya vijiji vile vya juu. Alikufa tarehe 11 Januari 2008. Mwaka 2015, mwezi wa Aprili na wa Mei, matetemeko makubwa ya nchi yaliipiga Nepal, yakaua watu karibu 9,000, na shule nyingi za Washerpa ziliharibika, pamoja na madarasa ya Khumjung. Mjenzi wa kwanza hakuwapo tena. Lakini madarasa yalijengwa upya, maana kazi ilikuwa imekwisha kupata wenyewe. Kazi iliyosimama juu ya mtu mmoja hufa pamoja naye. Iliyosimama juu ya wengi huzika wajenzi wake nayo yaendelea.

III. Nyumba ya watoto ya Godawari

Mfano wa pili ni mdogo kwa sifa, lakini una onyo kubwa. Mwaka 2004 kijana Mmarekani aitwaye Conor Grennan alikwenda Nepal kujitolea kwa muda mfupi katika nyumba ya yatima, katika kijiji cha Godawari kusini ya Kathmandu. Mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kiitwacho *Little Princes* kwamba hakwenda kwa moyo mkuu. Alikuwa akianza safari ya kuizunguka dunia, na kazi ile ilimpa neno zuri la kuwaambia watu. Lakini watoto walimshika moyo. Alipoondoka aliahidi kurudi, na baada ya mwaka mmoja hivi akarudi.

Katika kukaa kwake kwa mara ya pili jambo la ajabu lilitokea. Mwanamke mmoja alifika katika habari za nyumba ile, naye alikuwa mama wa wavulana wawili waliohesabiwa kuwa yatima. Ndipo ukweli ulipoanza kufunuka. Tangu mwaka 1996 mpaka 2006 Nepal ilikuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe. Katika wilaya ya Humla, mbali sana kaskazini magharibi, wazazi waliogopa watoto wao wasitwaliwe na wapiganaji. Akaja mtu mmoja akiahidi kuwapeleka watoto mjini, mahali pa salama, wasome shule. Wazazi walimpa fedha, hata wengine wakauza walivyo navyo. Naye aliwachukua watoto akawaacha katika taabu mjini, wakaitwa yatima, hali wazazi wao wangali hai wakiwangojea.

Baadaye Grennan alisikia kwamba watoto saba aliokwisha kuwaahidi usalama wametoweka. Akarudi tena, na mwaka 2006 akaanzisha chama kiitwacho Next Generation Nepal, akishirikiana na wenzake kuwatafuta watoto wale. Akaenda Humla, akatembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, akichukua picha za watoto kuwaonyesha wazazi. Fikirini mama aliyekaa miaka pasipo kujua kama mwanawe yu hai, kisha mgeni aja mlangoni na picha ya mtoto mkononi.

Hapa twajifunza neno zito. Mara ya kwanza kijana yule aliwapenda watoto kama alivyowakuta, mara ya pili alilazimika kuuliza, “Watoto hawa ni wa nani?” Mgeni wa mara moja haulizi swali hilo. Huona watoto wachangamfu, huona umaskini, huona kwamba anapendwa, naye huridhika. Tena imejulikana sasa kwamba katika Nepal wengi wa watoto wakaao katika nyumba ziitwazo za yatima wana mzazi mmoja au wawili walio hai, na kwamba fedha na huruma za wageni ndizo ziwafanyazo watu wabaya wawakusanye watoto. Huruma isiyouliza maswali yaweza kuwa chambo cha ndoana.

IV. Yampasayo arudiye

Kwa mifano hii twaweza kuandika maneno machache kwa faida ya kila mtu ajiandaaye kurudi kwa watoto aliowaacha zamani.

Kwanza, asirudi pasipo kuitwa au kuuliza. Yafaa amwandikie mkuu wa shule mapema, apate kujua kama ni wakati wa mitihani au wa likizo, na kama kuja kwake kutafaa. Shule si mali yake kwa sababu alifundisha humo mwaka mmoja.

Pili, asiwatafute watoto wale wale. Aliyemwacha akiwa na miaka saba amekuwa kijana wa sauti nzito, naye pengine amesahau nyimbo walizoimba pamoja. Si kosa lake. Mtu mzima akae chini, aulize habari upya, amjue kama mtu mpya.

Tatu, aulize habari za wasiokuwapo. Wenyeji husema kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na ndivyo ilivyo hasa shuleni. Waliofaulu watakuja wenyewe kumsalimu, wamevaa nguo safi. Lakini yuko wapi msichana yule aliyekaa dawati la mbele? Ameolewa kabla ya wakati wake? Yuko wapi mvulana aliyekuwa hodari wa hesabu? Amekwenda kuchukua mizigo kwa sababu baba yake ameugua? Katika habari za hao ndipo penye hesabu ya kweli ya shule, na kazi ya kesho hutoka hapo.

Nne, asigawe zawadi kwa wale anaowakumbuka tu, wala asiahidi fedha mbele ya watoto. Kama ana kitu, akiweke mikononi mwa walimu na wazazi, wakigawe wao.

Tano, asitoe ahadi mpya kwa sababu ya machozi ya kuagana. Kama hajui, aseme, “Sijui kama nitarudi, lakini nitaandika barua.” Kisha aandike. Barua moja iliyofika ni bora kuliko ahadi kumi zilizosahauliwa.

V. Yatupasayo sisi tupokeao

Somo hili lina upande wa pili, maana wageni wa namna hii hufika hata katika shule zetu, nasi huwapokea kwa nyimbo na chakula. Mithali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa shule ni ukweli. Arudipo, tusimwonyeshe ukuta uliopakwa rangi jana na kumficha choo kilichobomoka. Tusiwapange watoto juani saa nzima wakimngoja. Na kama alilolileta zamani halikufaa, tumwambie kwa adabu, maana asipoambiwa atalileta tena. Mgeni anayeyapenda makofi kuliko ukweli hatarudi mara ya tatu, nasi hatutapata hasara kubwa. Lakini avumiliaye kuambiwa ukweli amekwisha kuwa mwenzetu.

Zaidi ya hayo, tuwalinde watoto. Mgeni akitaka kukaa nao, mwalimu na mzazi wana haki ya kumwuliza yeye ni nani, ametumwa na nani, atafanya nini, na kwa muda gani. Mgeni mwema hachukizwi na maswali hayo. Hufurahi kuona kwamba watoto wana wenyewe.

Maneno ya kukumbuka: Kwenda huonyesha nia ya mtu, kurudi huonyesha kazi yake. Arudiye huja kutoa hesabu mbele ya watoto waliomhesabia siku. Na kazi iliyofanikiwa ni ile ambayo wanafunzi wake wamekuwa wenyeji, naye amekuwa mgeni wao.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini ahadi apewayo mtoto ni nzito kuliko ahadi apewayo mtu mzima?

2. Washerpa waliomba shule. Kama mgeni angetuuliza sisi, tungeomba nini kwanza, na kwa sababu gani?

3. Kiwanja cha Lukla kilileta faida na madhara. Taja jambo moja katika kijiji chako lililoleta yote mawili. Ni nani arudiye kulitazama?

4. Kwa nini mama wa wale wavulana wawili hakujulikana mara ya kwanza? Shule yetu ina habari gani za wazazi wa kila mtoto?

5. Ni watoto gani walioanza darasa la kwanza pamoja na wanao, nao hawaonekani tena shuleni? Nani atakwenda kuwauliza juma hili?